Chupa Mkononi mwa Mjomba

Kituo chetu cha afya kiko juu. Ukipita Mkuyuni unaiacha barabara ya Matombo, unapanda, unapanda tena, na ukifika pale unapoanza kujiuliza kama dereva anajua anakokwenda, umefika. Mimi ndiye mtu wa usingizi pale. Jina langu Bonifasi, lakini wagonjwa wananiita Nesi wa Usingizi, na wakinikuta sokoni wananipigia miayo kunichokoza. Kazi yangu ni kumlaza mtu ili apasuliwe. Kazi kubwa zaidi, ambayo watu huisahau, ni kumwamsha.

Siku ya Mwaisha ilikuwa masika, asubuhi, mvua imepumzika kidogo ili ijipange upya. Walimleta kwa kitanda cha kamba, vijana wanne wakipokezana kwenye utelezi. Mumewe Abuu alikuwa mbele, na nyuma kabisa, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuja mjomba wa Mwaisha, mzee Mikidadi. Mwaisha alianguka shambani akivuna tangawizi. Alishika tumbo, akakaa chini, na alipojaribu kusimama akaenda chini moja kwa moja.

Nilimfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Mpigo wa moyo ulikuwa unakimbia mbio za mtu anayefukuzwa, na presha ilikuwa inashuka. Nilimwuliza kama anajua yuko wapi, akaniambia yuko kwa watu wanaouliza maswali mengi. Nikampenda hapohapo.

Daktari wetu anaitwa Collins, kijana mpole aliyekuja kwetu akitokea Dar, na mpaka leo anavaa viatu vyeupe kwenye tope la Uluguru. Alimchoma Mwaisha sindano tumboni, akavuta, ikaja damu nyeusi isiyoganda. Hakuhitaji kuongeza neno, lakini aliwaeleza ndugu vizuri, taratibu, kwamba mimba imetunga kwenye mrija badala ya kwenye mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, na damu yote inayotakiwa kuzunguka mwilini inamwagikia tumboni. Inabidi tumpasue sasa hivi tuufunge ule mrija. Akamgeukia Abuu kuomba idhini.

Abuu akamwangalia mjomba.

Sasa hapo ndipo mgeni huchanganyikiwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mume anaweza kuwa amelima, amejenga, amezaa, lakini likija jambo zito la mwili wa mke, mwenye neno ni kaka wa mama yake. Abuu alikuwa analia bila sauti, maji yanamtiririka tu shavuni, lakini kusema ndiyo hakuweza. Hakuwa mwoga. Angesema ndiyo peke yake na mke akafa, asingekuwa na mahali pa kusimama siku ya mazishi.

Na mjomba alitaka mjini. Mzee Mikidadi si mtu mbaya, na ninasema hivyo mapema ili msimchukie. Alisema Morogoro mjini kuna madaktari wakubwa, wenye mashine kubwa, na huyu hapa ni kijana. Collins akamwambia maji yamepanda juu ya daraja kule chini tangu jana, gari la wagonjwa limekwama ng'ambo. Mzee akasema watambeba Mwaisha kwa kitanda mpaka ng'ambo. Collins akarudia kueleza habari ya mrija. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, akatikisa kichwa, akauliza tena njia ya mjini. Walikuwa wanazunguka kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba ya msonge, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mwaisha na ulikuwa unapoa.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Babu zetu walipita nchi hii na mizigo kichwani wakienda pwani, wakapigana na wenyeji, wakapatana, wakaachiana utani mpaka leo. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, na anayeambiwa haruhusiwi kukasirika.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia.

Hakutaka kuitikia, lakini utani haukataliwi. "Marahaba, mpagazi."

"Mtani, mbebeni tu. Mkifika pale darajani mtakuwa mnatafuta sanda. Mimi nitakuja msibani nikae mstari wa mbele, nile wali wenu, niondoke na kuku wenu, na mbele ya ukoo mzima nitasema Mikidadi alimzungusha mpwa wake barabarani mpaka akaisha kama mshumaa. Na hutanifanya kitu."

Sista Saada, ambaye angesimama na daktari kwenye upasuaji, aliangalia sakafu. Collins alinitazama kama aliyemwona mtu anatema mate kwenye chungu cha mboga. Abuu akaacha hata kulia.

Mzee Mikidadi alinikazia macho muda mrefu.

"Mpasueni," akasema. "Lakini akifa, mpagazi, msibani kwetu usije."

Hiyo ya mwisho haikuwa utani. Utani una mwisho wake, na mzee alikuwa amefika mwisho.

Tulimwingiza. Kwenye friji ya maabara tulikuwa na chupa moja tu ya damu ya kundi lake, ile ya mfuko laini, tukaitundika. Abuu akapelekwa maabara apimwe, na bahati nzuri kundi likaendana, wakamlaza kumtoa damu. Mzee akabaki peke yake kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji.

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu mashine ya kufyonza damu, ambayo sisi kwa mkato tunaiita saksheni. Tumbo lililojaa damu ni kama kisima. Daktari anajua kuna tundu chini, lakini macho yake yanaishia juu ya maji. Vitambaa vinanyonya kidogo, vinalowa, vinaisha. Kinachokausha kisima ni saksheni. Yetu ilikuwa inakaa pembeni ukutani, kwa sababu soketi inayofanya kazi ni ile moja na waya wa kuongezea ulikuwa umeungua. Kutoka kwenye mashine unakuja mpira mnene mwekundu, mrefu, unaingia kwenye chupa kubwa ya kioo iliyowekwa kwenye stuli katikati ya chumba. Kwenye kizibo cha chupa hiyohiyo unatoka mpira wa pili, mwembamba, uliochemshwa, unakwenda mpaka mkononi mwa daktari ukiwa na ncha ya chuma. Damu inaishia kwenye chupa. Kwenye mashine inakwenda hewa tupu.

Tuliwasha. Ikanguruma. Ina saa ndogo yenye mshale wa kuonyesha nguvu ya kuvuta, na kwa kawaida mshale huo unapanda kwa manung'uniko kama mzee anayepanda ngazi. Siku hiyo ulipanda juu kabisa kwa mkupuo. Saada akasema leo mashine imeamka vizuri. Sote tukafurahi, nami nikiwemo.

Nikamchoma Mwaisha ketamini, dawa ya usingizi. Nikamwambia ahesabu, akasema hajui kuhesabu akiwa na njaa, na macho yake yakaanza kucheza, akaenda. Nikashika taya yake ili njia ya hewa ikae wazi. Collins akasema bismillahi, ingawa yeye ni Mlutheri. Alijifunza kwa Saada, na akikosa kuisema mkono wake hautulii.

Akakata.

Damu ilitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Ilipanda mpaka ukingoni, ikamwagika pembeni, ikaenda kwenye viatu vyeupe. Saada akampa ncha ya saksheni, Collins akaizamisha, na hakuna kilichotokea. Mashine inanguruma, mpira umelala. Hakuna hata tone lililosogea.

"Ongeza nguvu," akasema.

Furaha, mhudumu wetu, akazungusha kitufe mpaka mwisho. Mashine ikapiga kelele zaidi. Saada akakagua ncha, akaipiga-piga kwenye bakuli, akabadilisha ncha nyingine. Vilevile. Collins akaomba vitambaa, akavijaza ndani, akavitoa vimelowa, akajaza vingine. Kila alipotoa, kisima kilijaa tena kabla hajainama kuangalia. Mimi kwenye kichwa nikasoma presha na sikuipenda. Ile chupa moja ya damu ilikuwa inashuka upande mmoja na kumwagikia upande wa pili.

"Sioni," Collins akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Boni, sioni kitu kabisa."

Daktari wa haraka-haraka angechukua mkasi wa kubana akabana chochote. Collins hakufanya hivyo. Ukibana bila kuona unaweza kubana utumbo, na hapo umemuua mtu kwa njia ndefu zaidi. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akakunja ngumi, akaukandamiza ule mshipa mkubwa unaopita mbele ya uti wa mgongo. Ni kama kukanyaga bomba la bustani. Damu ikapungua kutoka, lakini sasa daktari wetu alikuwa amefungwa palepale. Akinyanyua ngumi, mgonjwa anakwenda. Asiponyanyua, hafanyi chochote. Na mkono wa binadamu una muda wake. Niliona jasho linamtoka kwenye nyusi, na Furaha akampangusa.

Nikaangalia mashine, na ndipo nikaona kitu kisichokaa sawa. Saada alikuwa ameinua ile ncha, iko hewani, haigusi chochote, na mshale bado uko juu kabisa. Mshale ukipanda wakati ncha iko hewani, maana yake hewa haipiti. Mashine ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote, lakini ilikuwa inavuta ukuta. Tulivyoona imeamka vizuri, kumbe ilikuwa imekabwa.

Nikamwambia Collins. Akasema, "Nenda. Mimi nimeshika."

Nilimwita Furaha nikamwekea mkono mmoja kwenye taya ya Mwaisha kama nilivyomfundisha, na mkono wa pili uendelee kukamua chupa ya damu iingie upesi. Nikakimbilia kwenye mashine. Nikauchomoa ule mpira mnene kwenye mashine, nikaweka kidole kwenye tundu. Kidole kilivutwa mpaka kikauma. Mashine ilikuwa nzima. Nikauchomoa upande wa chupa, nikaupuliza. Mashavu yangu yakajaa, hakuna kilichotoka. Nikaukunja, nikasikia ndani kitu kinavunjika, kikavu, kama unavunja kigae.

Nikachukua mkasi nikaukata. Ukaanguka udongo. Udongo mkavu, uliopigwa vizuri kama ukuta wa nyumba, na ndani yake buibui wadogo waliolala, na funza mmoja mweupe, mnono, aliyekuwa anawala buibui hao bila haraka.

Mpira huo mnene hauchemshwi kwa sababu hauingii mwilini mwa mtu. Unaoshwa tu, unaanikwa nyuma ya jengo, chini ya ukingo wa paa. Masika hakuna jua, kwa hiyo ulibaki unaning'inia pale siku nyingi. Na chini ya ukingo wa paa wanaishi wale nyigu wanaojenga kwa udongo. Hakuna anayewagusa. Kwenye milima ile watu husema nyigu akijenga kwako, mtoto yuko njiani. Sasa kituo chenye wodi ya wazazi, nani atapanda ngazi na ufagio akavunje viota vya heri? Wamama wanaokuja kliniki wanaviangalia na kutabasamu. Tuliwaacha wakajenga ukutani, wakajenga kwenye taa ya nje, na walipoona tundu refu jekundu linaning'inia, giza safi, wakasema Mungu awape nini tena.

Furaha aliona udongo sakafuni. Yeye ndiye aliyeuanika ule mpira. Nikamwambia taya, Furaha, shika taya, nyigu tutawashtaki baadaye.

Nikakata tena, udongo. Nikakata tena, udongo, wamejenga chumba baada ya chumba kama nyumba za kupanga. Nilipofika mahali pasafi, mpira uliobaki ulikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Nikaupuliza, hewa ikapita. Nikauchomeka kwenye mashine, na hapo nikaona balaa jipya. Haufiki kwenye stuli. Nikiisogeza chupa karibu na mashine, mpira wa daktari haufiki tumboni. Mashine haisogei kwa sababu ya waya, kitanda hakisogei kwa sababu ya taa. Chupa ingekaa hewani tu, katikati, mipira yote miwili imekazana kama kamba ya kuanikia nguo. Ingebidi mtu aishike, wima kabisa, na abane kizibo kwa kiganja, maana mipira ilikuwa inakivuta kitoke. Ikilala kidogo tu, damu inaingia kwenye mashine, na mashine inakufa.

Mtu gani? Collins amefungwa kwa ngumi yake. Saada mikono yake ni safi, hagusi. Furaha ana taya na damu. Mimi lazima nirudi kwenye kichwa, presha ilikuwa inaelekea mahali ambapo haisomeki. Mtu wa maabara anamtoa Abuu damu.

"Dokta," nikasema, "namwita mjomba."

Collins alifikiri kwa kadiri ya pumzi moja. "Mvalishe. Mlete."

Nilifungua mlango. Mzee Mikidadi alikuwa amesimama, hakukaa hata mara moja, nadhani. Aliona nguo zangu, akaniona uso, na mabega yakamshuka.

"Amekufa?"

"Bado. Vua viatu, mtani. Leo mpagazi ni wewe."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, nikamtupia gauni, kofia ikakaa upande, barakoa, viatu vya mpira. Nilimweleza huku namsukuma: shika hivi, wima, bana hapa, usiangalie kulia, ukichoka usiseme umechoka, sema "Boni". Nikamsimamisha mahali pake, nikamkabidhi chupa, nikachomeka mipira, nikarudi kwenye taya.

Bila shaka aliangalia kulia. Nani asingeangalia? Alimwona mpwa wake amefunguliwa, na mkono wa yule kijana uko ndani yake mpaka kwenye kiwiko. Barakoa yake ikavutwa ndani, ikatoka, ikavutwa ndani. Nikajiandaa kuona mzee na chupa vinakwenda chini pamoja. Hakwenda. Alirudisha macho kwenye chupa, akaipanga mbele ya kifua, akapanua miguu kama mtu anayetaka kubeba gunia.

Collins akatia ncha. Mara hii mpira ulitikisika, ukakoroma, na uzi mwekundu ukapanda, ukavuka juu ya miguu ya Mwaisha, ukaanguka kwenye chupa. Mshale ukashuka chini, ukaanza manung'uniko yake ya kawaida. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mshale unashuka.

"Ni ya moto," mzee akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Kiganja chake kilikuwa kwenye kioo.

Kisima kilianza kupungua. Lakini na chupa ilianza kujaa. Ina mstari juu karibu na kizibo, na damu ikipita pale inanyonywa kuelekea kwenye mashine. Kwa kawaida unazima, unamwaga, unaanza upya. Siku hiyo tungezima, tuchomoe ile mipira iliyokazana, tuirudishe, na Collins awe ameanza upya kwenye kisima kilichojaa. Ngumi yake ilikuwa inatetemeka sasa, niliona misuli ya bega inaruka. Kwa hiyo zilikuwa mbio kati ya vitu viwili: aone tundu, au chupa ifike kwenye mstari.

Ikafika nusu. Collins anasogeza ncha taratibu kwenye kona za nyonga, Saada anaondoa madonge kwa mkono. Ikapita nusu. Donge likaziba ncha, uzi ukakatika, Saada akalitoa, uzi ukarudi. Mikono ya mzee ikaanza kuyumba kidogo. Chupa ya kioo iliyojaa si mchezo hata kwa kijana, na yeye alikuwa ameishika mbali na mwili ili mipira isikunjike. Midomo yake ilikuwa inacheza ndani ya barakoa. Anasoma dua. Kioo kikaanza kuinama upande wangu, kidogo, kama mtu anayesinzia.

"Wima, mtani," nikamwambia.

Akaikaza. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu anayeng'oa kisiki. Ikawa wima.

Damu ilikuwa imebakiza upana wa vidole kufika kwenye mstari Collins aliposema, kwa sauti ile ya kawaida kabisa anayoombea chai, "Nauona."

Mrija ulikuwa umepasuka kama zambarau lililokanyagwa. Akaomba mkasi wa kubana, Saada akawa ameshauweka mkononi mwake. Ukalia. Akaomba wa pili, ukalia. Akatoa ngumi tumboni polepole, kidole kimoja kimoja, na sote tukawa tunaangalia chini ya kisima.

Hakikujaa.

Nikazima mashine. Chumba kikawa kimya mpaka nikasikia mvua imerudi juu ya bati, na sikujua ilirudi saa ngapi.

Yaliyobaki ilikuwa kukata, kushona na kuosha. Mtu wa maabara akaleta damu ya Abuu, bado ina joto, tukaitundika. Nilikwenda kumpokea mzee chupa na vidole vyake havikufunguka. Nilivifungua mimi, kimoja baada ya kingine, nikimwambia aachie, imekwisha. Alipoachia, akauliza ile damu tunaipeleka wapi. Nikamwambia kuna shimo nyuma. Akasema basi ataipeleka yeye, damu ya kwao haachi ikamwagwa na mtu baki. Sikubishana. Nilimvalisha glavu, Furaha akamwonyesha njia na mwavuli, na kupitia dirishani nikamwona anakwenda kwenye mvua na gauni letu la kijani, chupa kifuani, hatua za mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Lakini kazi yangu ile ya pili, ya kumwamsha, ilikuwa haijakwisha. Mwaisha alifumbua macho mchana, akayafumba. Presha ilipanda kidogo ikasimama, kama imeona kilima. Mtu aliyekaa muda mrefu bila damu ya kutosha figo zake zinaweza kugoma, na figo zikigoma, ushindi wote wa asubuhi ni bure. Tulikuwa tumemwekea mpira wa mkojo, na mfuko wake ulikuwa unaning'inia kando ya kitanda, mkavu. Collins akaja akauangalia, akaenda kuandika, akarudi akauangalia. Akabadilisha dripu.

Mzee Mikidadi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mpwa wake. Niliogopa kumweleza, maana kwa adabu za watu wetu mjomba hakai kuangalia mambo ya mkojo wa mpwa wake wa kike. Ilipasa awe Furaha. Lakini yeye mwenyewe aliuliza kwa nini kila anayeingia anaangalia chini ya kitanda. Nikamweleza. Akamwomba Furaha amfunike Mwaisha kwa khanga vizuri mpaka miguuni, kila kitu kifichike isipokuwa ule mfuko, akageuza kiti chake, akauelekea. Akatoa kofia ya upasuaji ambayo hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya, akaikunja, akaishika mikononi.

Abuu aliingia akiyumba kidogo kwa ajili ya damu aliyotoa, akaketi sakafuni upande wa pili. Mzee akamwambia bila kugeuza shingo kwamba akalale, yeye ndiye mgonjwa wa pili. Abuu hakwenda.

Nilikwenda kuosha vyombo. Niliosha ile mipira, nikaiangalia, nikaitundika ndani, juu ya jiko. Alasiri ikapita. Mawingu yalishuka mpaka yakaingia kwenye uwanja wa kituo, huoni hata mnazi wa getini. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, natafuta mzaha wa kumwambia Collins, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi na soksi tupu, viatu vyake vyekundu-vyeupe kando, na sikuwa nimeupata, ndipo mzee Mikidadi alipotokea mlangoni. Alikuwa amesimama wima kabisa. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu mwenye habari ambayo haifai kusemwa mbele ya watoto, kisha akanisogelea, akainamia sikio langu.

"Mtani," akasema, "anakojoa."